Hoover Junior ya zamani: waya umemeguka, mota haijawashwa miaka mingi. Nianzie wapi?

Chai_Mufindi (Mafinga)

Kamwene wakuu. Nina mashine ya kufyonza vumbi, Hoover Junior, ile ya kusimama yenye mpini mrefu na mfuko wa kitambaa unaoning'inia nyuma. Imetoka stoo ya nyumba ya zamani kwenye shamba la chai, na haijaunganishwa na umeme kwa miaka mingi. Hali yake ni hii.

Kava la mota ni la alumini, limefifia ila halina ufa. Kibao cha chini kinasoma volti 230/250, AC/DC. Alama ya mraba ndani ya mraba haipo. Waya una nyuzi mbili tu ndani, mpira wa nje unameguka kila ukikunjwa, na plagi ni ya pini za duara. Mkanda wa mpira umekatika. Shafti ya mota inazunguka kwa kidole lakini inakwaruza kidogo, na ukiitikisa juu na chini inacheza. Rola ya brashi imejaa nyuzi na nywele. Mfuko una matundu mawili ya panya, sehemu nyingine kitambaa bado kizima.

Sitaki iwe pambo la kabatini. Nataka isafishe zulia la sebuleni, na sura yake ibaki ileile. Fundi mmoja wa hapa anasema tuichomeke tu tuone kama inaunguruma. Naomba mpangilio: kipi kwanza, vipimo gani vichukuliwe, na vipuri gani vinapatikana Mafinga, Iringa au Mbeya bila kuagiza nje.

Mota_Mwanjelwa (Mbeya)

Mkuu, usiichomeke. Mota za aina hii haziuawi na uzee, huuliwa na ile siku ya kwanza ya kujaribu. Kuna mambo matatu yanayosubiri hiyo siku. La kwanza umeshaliona: mpira wa waya umemeguka, na kama nje umemeguka basi hata ule wa ndani ya mpini, usiouona, umemeguka. Kava ni la alumini na waya hauna ethi (uzi wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), kwa hiyo uzi mmoja ukigusa bodi utaisikia kwa mkono wako kabla fyuzi haijaisikia. La pili ni unyevu. Ukungu wa Mufindi huingia kwenye pamba na vanishi ya koili, yaani nyaya zilizosukwa ndani ya mota, na koili yenye maji ikipewa volti 230 huchomeka palepale. La tatu ni kapasita ya kuzuia mikwaruzo ya redio, kama toleo lako linayo. Zile za zamani zilitengenezwa kwa karatasi, hunyonya unyevu, huvujisha umeme na mwisho hupasuka kwa moshi mzito.

Kwa hiyo anza hivi. Kata waya wote wa zamani, utoe pia kipande kinachopita ndani ya mpini. Usikitupe, kifunge pamoja na ile plagi kwenye bahasha uandike kimetoka wapi. Piga picha kila kiungo kabla ya kukifungua. Kisha toa kapasita. Kama imeunganishwa kati ya nyaya mbili za umeme, weka mpya ya daraja la X2, mikrofaradi 0.1, volti 275 AC. Daraja hilo liwe limeandikwa kwenye kapasita yenyewe. Kapasita ya kawaida ya feni au ya redio si mbadala hata kama namba zinafanana, kwa sababu X2 imetengenezwa ili ikiharibika isiwake. Na kama kuna nyingine iliyounganishwa kati ya umeme na bodi, itoe na usiirudishe. Mashine haiihitaji ili izunguke, utapoteza utulivu wa redio tu.

Sasa pima. Multimita kwenye ohm, ncha kwa ncha za mota, swichi ikiwa imewashwa: mota ndogo ya ukubwa huu hutoa takriban ohm 20 hadi 60. Zungusha shafti polepole ukiangalia. Namba ikicheza kidogo ni kawaida, ila ikipotea kabisa kwenye pembe fulani, ama kaboni (vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) haigusi ama koili moja imekatika. Baada ya hapo pima ncha yoyote kwa bodi ya alumini. Multimita peke yake haitoshi hapa, kwa sababu inatumia volti chache na haioni uvujaji unaojitokeza kwenye volti kubwa. Tafuta mega, yaani kipimo cha uvujaji wa umeme, ya volti 500. Karakana nyingi za kusuka mota wanayo. Ishikilie dakika moja. Chini ya megaohm 1 usiwashe, na mimi kwa mashine ya umri huo nataka ifike 2 kabla ya kuipa umeme.

Usomaji ukiwa mdogo usikate tamaa, mara nyingi ni maji tu. Weka mota ndani ya boksi la karatasi ngumu pamoja na balbu ya moto ya wati 60, iwe mbali na koili kiasi cha shubiri moja, acha matundu juu, na kaa na kipimajoto: nyuzi 50 hadi 60, saa 24. Usiianike juu ya jiko la mkaa. Joto lake halishikiki, na vanishi ya zamani ikilainika nyaya za koili hugusana.

Naona wengi wanaosha koili kwa petroli. Petroli inayeyusha vanishi na mvuke wake unalipuka kwa cheche moja. Tumia brashi laini kavu na upepo wa kompresa usiozidi bar 2, na kwanza pulizia hewani mpaka maji ya kwenye tangi yatoke.

Umeme_Tukuyu

Naongezea kwenye waya, maana hapo watu hufa.

Kwa bodi ya chuma isiyo na alama ya mraba ndani ya mraba, waya mpya uwe wa nyuzi tatu, milimita za mraba 0.75, urefu mita 6 hadi 7. Kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Ethi ifungwe kwenye alumini yenyewe, mahali palipokwanguliwa rangi, kwa skrubu yenye washa ya meno, na skrubu hiyo isiwe ile inayoshika kitu kingine. Ukimaliza pima kati ya pini ya ethi ya plagi na bodi: isizidi ohm 0.5. Mashine yenye ile alama ya mraba ni habari nyingine, imetengenezwa kwa kinga mbili na haifungwi ethi.

Ethi ya plagi haina maana kama soketi ya nyumba haina ethi ya kweli. Nyumba za zamani za huko juu nyingine zina soketi za matundu matatu na nyuma yake kuna nyaya mbili tu. Pima kati ya moto na ethi ya soketi: uone karibu na 230. Ikiwa sifuri au namba inayoyumba, rekebisha nyumba kwanza.

Swichi ya mpini inakata waya mmoja. Hakikisha unaokatwa ni wa moto, la sivyo mashine iliyozimwa bado ina umeme ndani. Na ile fyuzi ya 13 inayokuja na plagi mpya ya madukani itoe, weka ya ampia 3. Mashine ya wati 250 au 300 inavuta ampia 1 na kidogo. Kwa fyuzi ya 13, waya unaweza kuungua kwanza kabla fyuzi haijakatika.

Rangi za zamani zisikuchanganye. Kwenye vifaa vya Uingereza vya enzi hizo nyekundu ni moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Lakini kwenye vifaa vya zamani vya Ujerumani, na misheni za huku bado unakutana navyo, nyekundu ilikuwa ethi. Mtu akifuata mazoea ya Kiingereza kwenye kifaa cha Kijerumani anaipa bodi nzima umeme. Kwa hiyo usiamini rangi, fuata uzi kwa multimita mpaka mwisho wake.

Jambo la mwisho: mahali waya unapoingia kwenye mpini, weka kibano kinachoushika. Fundo la waya peke yake halitoshi kwa kifaa kinachovutwa huku na huku kila siku, litakaza mpaka likate nyuzi za ndani.

Mkereza_Ipogolo (Iringa)

Huko kukwaruza na kucheza kwa shafti ni beringi au bushi (bomba fupi linaloshika shafti bila gololi), na ndiyo kazi yenye uzito kuliko zote kwenye mashine hii, kwa hiyo tuongee polepole.

Kwanza uelewe Junior inavyofanya kazi. Kwenye mashine za kulala, zile za mtungi, hewa hupita kwenye mfuko kwanza, vumbi likabaki humo, ndipo hewa safi ikafika kwenye feni. Kwenye hii ya kusimama ni kinyume: uchafu unapita katikati ya mapanga ya feni ndipo unasukumwa mfukoni. Maana yake kila kijiwe, msumari na sarafu iliyookotwa zuliani imegonga feni. Hivyo kabla ya kulaumu beringi, toa feni uikague. Panga moja likivunjika au kumeguka ncha, feni inapoteza mizani, na kwa kasi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika mtikisiko huo unakula beringi mpya kwa muda mfupi. Ukibadilisha beringi ukaacha feni mbovu, umetupa hela.

Kuitoa: angalia kwanza uzi wa nati au wa kapi uko upande gani. Baadhi ya mota zina uzi wa kushoto, ili mzunguko uwe unakaza badala ya kulegeza, na mtu akilazimisha kwa mazoea anakata shafti. Tia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima. Shika shafti upande wa pili kwa kitambaa na koleo, usiingize bisibisi kati ya mapanga ili kuizuia. Feni ikigoma kutoka tumia pula ya kucha mbili. Usipige ncha ya shafti kwa nyundo. Ikipinda hata sehemu ya kumi ya milimita, amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, inaanza kugusa kuta za koili.

Matoleo yanatofautiana, kwa hiyo fungua ndipo ujue kama una beringi za gololi au bushi za shaba. Kama ni gololi, safisha uone namba. Namba ikiwa imefutika pima kwa vernia: tundu, kipenyo cha nje, unene. 8 kwa 22 kwa 7 ni 608. 7 kwa 19 kwa 6 ni 607. 10 kwa 26 kwa 8 ni 6000. Hizo ziko kwenye grinda na drili za umeme, kwa hiyo duka lolote la beringi Iringa au Mbeya wanazo. Tatizo ni kwamba mashine ya Kiingereza inaweza kuwa na beringi za inchi. Ukipata tundu la 9.53, hiyo ni inchi 3/8, si 10 iliyochakaa. Usiweke ya milimita 10 ukaijaza kwa karatasi ya bati au gundi. Beringi ya inchi ikikosekana, mkereza mzuri anaweza kukuchongea ringi ya shaba ya kuingia kati ya shafti na beringi ya milimita, lakini apewe beringi na shafti vyote viwili mkononi, asichonge kwa namba za karatasi.

Upande wa feni weka yenye vizibo vya mpira, yaani 2RS, kwa ajili ya vumbi. Upande wa pili yenye vizibo vya bati, ZZ, inatosha na ni nyepesi kuzunguka. Ukipata ya wazi, jaza grisi theluthi moja tu ya nafasi. Ukiijaza yote grisi inachemka, inatoka, na inakwenda kukaa kwenye komyuteta, vile vipande vya shaba ambavyo kaboni hupita juu yake.

Kama ni bushi, mchezo wa kuonekana kwa jicho maana yake imekwisha. Bushi hizi ni za shaba yenye vinyweleo vinavyotunza oili. Mpya iloweke kwenye oili safi ya SAE 20 usiku kucha kabla ya kuipachika, na ule utepe wa sufi unaoizunguka uloweke pia. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno kwa kasi hii. Mafuta ya kupikia yanaganda kama utomvu, na mota nyingi zilizokwama zilikwama kwa hayo.

Mota_Mwanjelwa (Mbeya)

Mkereza kasema vyema. Ukiwa umeshafungua hivyo, amecha iko mkononi, kwa hiyo tazama komyuteta na kaboni hapohapo usije ukafungua mara ya pili.

Komyuteta nzuri ina rangi ya kahawia iliyotulia pale kaboni inapopita. Usiing'arishe mpaka iwe nyekundu, ile rangi ndiyo inayoisaidia kaboni kuteleza. Ikiwa nyeusi ya masizi, isafishe kwa msasa wa karatasi namba 400 kisha 600, ukizungusha amecha, usisugue sehemu moja. Msasa wa kitambaa wa kusugulia chuma usitumie, punje zake hubaki kwenye mifereji na baadhi zinapitisha umeme. Mica iliyo kati ya vipande vya shaba lazima iwe chini ya shaba kwa kiasi cha nusu milimita. Ikiwa sawa nayo au juu, kaboni inarukaruka na cheche haziishi. Ikwangue kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa pembeni kikaingia kwenye mfereji bila kugusa shaba, halafu ondoa ncha kali kwa msasa laini.

Vipande viwili jirani vikiwa vimeungua kuliko vingine, hiyo ni dalili ya koili ya amecha. Pima ohm kati ya kila kipande na jirani yake, mzunguko mzima. Namba zote zinapaswa kufanana. Inayoshuka sana ni shoti, inayopanda sana imekatika. Hapo inabidi kusuka upya, na fundi asivunje koili kabla ya kuhesabu mizunguko, kupima unene wa waya kwa mikromita, na kuchora kila ncha inakwenda kipande cha ngapi. Amecha iliyosukwa kwa kubahatisha inazunguka vizuri mezani na inaungua ikibeba feni.

Kaboni: ikibaki chini ya theluthi ya urefu wake, au chini ya milimita 6, badilisha zote mbili. Za asili hutazipata huku, lakini kaboni za grinda au drili za volti 230 zinafaa. Chukua kubwa kidogo uipunguze kwa msasa mpaka iteleze ndani ya nyumba yake bila kukwama na bila kuyumba. Usichukue ya starta au ya mota ya gari. Ile imechanganywa shaba kwa ajili ya volti 12, kwenye 230 itakula komyuteta yako. Baada ya kuipachika, zungushia komyuteta kipande cha msasa namba 400, upande wa kukwaruza ukitazama kaboni, zungusha amecha kwa mkono mpaka uso wa kaboni uchukue mviringo wa komyuteta. Kisha puliza unga wote utoke. Unga wa kaboni unapitisha umeme, ukiuacha mega yako itaanguka tena na hutajua kwa nini.

Mshonaji_Njombe

Mmeisema mota vya kutosha, ngoja niseme kinachofanya mashine isafishe.

Mfuko ndio chujio. Hewa yote inatokea kwenye kitambaa, kwa hiyo kitambaa kikizuia hewa, mashine haivuti hata mota iwe mpya. Ule wa asili usiufue. Kufua kunaondoa manyoya ya ndani yanayonasa vumbi laini na kunafungua ufumaji. Ugeuze nje ndani, uupige uwanjani ukiwa na barakoa, upige brashi kavu. Matundu ya panya weka kiraka ndani kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, shona mzunguko mara mbili, halafu paka nta ya mshumaa kwenye mstari wa mshono tu, kwa sababu vumbi laini linapenya kwenye matundu ya sindano.

Ukilazimika kushona mpya: drili ya pamba nje, flaneli ndani na manyoya yatazame vumbi. Chukua vipimo vya ule wa zamani bila kupunguza, maana ukubwa wa eneo ndio unaoamua mvuto. Mishono iwe ya kukunja mara mbili. Nailoni, turubai na vitambaa vya mwavuli visikaribie hapa.

Mkanda. Hoover Junior ni maarufu kiasi kwamba mikanda ya kuiga bado inatengenezwa, na anayekwenda Kariakoo anaweza kukuulizia. Chukua mfano wa mkanda uliokatika uuweke kwenye bahasha aupeleke. Ukipima mwenyewe, zungusha uzi kwenye kapi ya mota na mfereji wa rola, kata, pima, kisha toa asilimia 10: mkanda lazima uvutike kidogo ndipo ushike. Ukikaza zaidi ya hapo unavuta shafti upande mmoja na unamaliza beringi ya mbele.

Kuuweka kuna siri moja. Shafti ya mota inaelekea mbele na rola imelala kwa upana, kwa hiyo mkanda unajipinda robo mzunguko katikati. Ukiupinda upande usio sahihi, rola inazunguka kinyume na kutupa vumbi mbele badala ya kulipeleka kwenye tundu la feni. Fuata mishale iliyochongwa karibu na tundu la mkanda. Mishale ikiwa imefutika, jaribu juu ya zulia: rola ikizunguka sawasawa mashine inapenda kwenda mbele yenyewe. Ikivuta kuja kwako, toa mkanda ugeuze.

Rola: kata nyuzi kwa wembe kando ya brashi, kisha fungua ncha zote mbili. Nywele hujisokota ndani ya vishikio vya mwisho na ndizo zinazofanya rola iwe nzito mpaka mkanda uteleze na kunuka. Tia tone moja la oili kila ncha, si zaidi. Kupima brashi, geuza mashine chali, laza kadi ngumu juu ya bamba la chini: brashi ikizungushwa kwa mkono lazima iiguse kadi. Isipogusa imekwisha, isipokuwa toleo lako lina nafasi ya kushusha rola, hapo ishushe kwanza.

Bodaboda_Makambako

Kwa nini mnasumbuka na mkanda wa Dar? Kata ringi kwenye tyubu ya pikipiki, milimita 12, inafanya kazi.

Mshonaji_Njombe

Mdogo wangu, inafanya kazi kwa kujaribu, si kwa kutumia. Tyubu imetengenezwa ivutike, kwa hiyo rola ikikutana na zulia zito mpira unavutika badala ya kuzungusha, unateleza juu ya kapi, unapata joto na unaacha ulimi wa mpira ulioyeyuka kwenye shafti. Baadaye hata mkanda sahihi hautashika mpaka ukwangue ule mpira. Aitumie dakika mbili kuona kama rola inazunguka upande sahihi, kisha aitoe.

Chai_Mufindi (Mafinga)

Ndaga fijo kwa wa Tukuyu na asanteni wote. Vipimo ni hivi: ncha kwa ncha ohm 42, na namba haipotei popote nikizungusha. Mega kwa bodi megaohm 0.4. Kapasita ipo moja tu, kati ya nyaya mbili, imeshatolewa. Beringi ni za gololi, tundu milimita 8, nje 22, unene 7. Feni ni nzima, ila panga moja lina mkwaruzo. Kaboni zimebaki milimita 9, komyuteta ni ya kahawia na mifereji iko wazi. Je, 0.4 ni koili imekufa? Na nikifika siku ya kuiwasha, naiwashaje?

Mota_Mwanjelwa (Mbeya)

Umebahatika, hiyo ni 608 ya kawaida na amecha yako inaonekana nzima. Megaohm 0.4 bila kapasita kwa mashine iliyotoka stoo ya Mufindi ni unyevu na unga wa kaboni. Puliza, safisha vishikio vya kaboni kwa brashi na spiriti, kausha kwa balbu saa 24, acha ipoe kabisa ndipo upime. Lazima ipoe, kwa sababu koili ya moto husoma chini kuliko hali yake halisi. Ikipanda hadi 1.5 irudishe siku nyingine moja. Ikipanda mpaka 5 au 10 umemaliza. Ikigoma hapo hapo kwenye 0.4, tenganisha koili za pembeni na amecha upime kila kimoja peke yake ujue anayevujisha ni nani. Mara nyingi ni kishikio cha kaboni chenye ufa uliojaa unga, kitu cha kusafisha au kubadilisha tu. Koili ikishakauka vizuri mpe brashi moja ya vanishi ya mota inayokauka kwa hewa, ikae siku mbili.

Mkwaruzo kwenye panga ukiwa juujuu, uache. Ukiwa ufa unaopita upande wa pili, feni hiyo isizungushwe.

Kuwasha: tengeneza taa ya majaribio. Balbu ya moto ya wati 100 iunganishwe kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye mashine. LED haifai kwa hili. Toa mkanda, mashine iwe juu ya ubao mkavu, kava zote zikiwa zimefungwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na mota haisogei, kuna shoti au mota imekwama. Isipowaka kabisa, kuna mahali pamekatika: swichi, kaboni, kiungo. Ikiwaka kwa kufifia na mota ikazunguka polepole, hiyo ndiyo unayoitafuta. Iache dakika 5, nusa, sikiliza beringi.

Baada ya hapo ondoa balbu, iunganishe moja kwa moja, bado bila mkanda. Sekunde 30, zima, gusa kava la mota. Dakika 2, zima, gusa tena. Kisha dakika 10. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni halali yake, hasa kaboni ikiwa mpya. Cheche za njano zinazozunguka komyuteta nzima si halali, zima urudi kwenye kipimo cha kipande kwa kipande. Harufu ya vumbi linaloungua dakika ya kwanza ni kawaida. Harufu ya vanishi si kawaida. Ndipo uweke mkanda na mfuko.

Mkereza_Ipogolo (Iringa)

Kwa 608, hakikisha ringi ya nje inaingia kwenye nyumba yake kwa kusukuma na kidole gumba au kipande cha mbao. Ikiingia bila kizuizi na kuzunguka ndani, nyumba imekulika, niletee nikuchongee bushi. Ikihitaji nyundo, pasha nyumba ya alumini kwenye maji ya moto kwanza, itapanuka na beringi itazama yenyewe. Kausha maji yote kabla ya kufunga. Ukiisukuma kwenye shafti, sukuma ringi ya ndani, ukiiweka nyumbani sukuma ya nje. Anayesukuma ringi isiyo yake anafanya gololi zichimbe mabonde kwenye njia yake, na beringi itaunguruma siku hiyohiyo.

Alumini isafishwe kwa maji vuguvugu, sabuni na kitambaa, kisha Brasso kidogo. Magadi makali yanaitia weusi usiotoka, na sufi ya chuma inaacha vipande vinavyoishia kwenye mota. Sehemu za bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, zipakwe polishi ya gari tu.

Mshonaji_Njombe

Ikishawaka, kuna vitu usiipe: majivu ya jiko au ya meko hata yakionekana yamepoa, unga wa saruji, na chochote chenye maji. Kaa moja iliyojificha kwenye majivu inapulizwa na feni moja kwa moja kwenye mfuko wa pamba. Unga wa saruji unaziba flaneli na hautoki tena. Kiangazi vumbi letu jekundu ni laini mno, kwa hiyo kung'uta mfuko ukifika theluthi, usisubiri nusu. Zulia likaguliwe kwa macho kwanza, misumari na sarafu ziokotwe kwa mkono kwa ajili ya ile feni.

Miezi ya baridi, Juni na Julai, kama huitumii, toa mkanda usikae umevutika, ning'iniza mfuko mtupu, na mashine ikae chumba kikavu juu ya ubao, isikae juu ya sakafu ya sementi. Usiifunge kwa plastiki, ukungu ukishaingia humo hautoki. Pareto kidogo kwenye kijimfuko cha kitambaa kando yake inazuia nondo wasile sufi na flaneli. Na kabla ya kuiwasha tena baada ya msimu huo, mega kwanza.

Chai_Mufindi (Mafinga)

Swali moja la mwisho kwa wa Tukuyu: nikiweka plagi mpya ya pini bapa, ile ya duara niirudishe siku ya maonyesho?

Umeme_Tukuyu

Iache kwenye bahasha yake. Plagi ya pini za duara ya nyuzi mbili haina fyuzi wala ethi, na hizo mbili ndizo zinazokulinda. Anayetaka kuiona muoneshe mkononi.